Kusuka upya gurudumu la nyuma la baiskeli ya inchi 28: mwongozo kamili

Malalamiko ninayoletewa kuhusu gurudumu la nyuma yanafanana mno, yawe yametoka Mikindani, Tandahimba au Nachingwea. Mtu amenunua spoku mpya, amezikaza mchana kutwa, gurudumu limenyooka, amepakia madumu manne ya maji, na kabla wiki haijaisha ringi imerudi kuyumba kama ilivyokuwa. Wengine hawafiki hata hapo: wakishaweka spoku thelathini hivi, wanagundua kwamba zilizobaki hazifiki kwenye matundu yake.

Kosa la kwanza huzaliwa wakati wa kukaza, na la pili huzaliwa mapema zaidi, kwenye spoku mbili za mwanzo. Nitakaa sana kwenye sehemu hizo mbili na kuzipita nyingine haraka.

Baiskeli ninayoizungumzia ni ile nzito ya zamani yenye ringi za chuma na breki za fito, ambayo kwa kawaida ina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Ikiwa yako ina spoku 36, hatua ni zilezile, ila hesabu ya makundi na ya kukatana inabadilika, nami nitaitaja pale inapohusika.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kufungua chochote

- Spoku mpya 44 za urefu na unene mmoja, pamoja na nati zake. Nne za ziada ni akiba, kwa sababu duka likiishiwa spoku za urefu huo kazi yako itasimama.
- Ringi, kama ya zamani imeliwa na kutu. Jinsi ya kuipima nitaieleza kwenye hatua ya kwanza.
- Spana ya spoku inayobana nati barabara. Spana iliyolegea hula pembe za nati, na nati iliyoliwa pembe haikazwi tena.
- Bisibisi bapa, koleo, tupa ndogo, na spana za nati za ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu) na za koni (vipande vya kwenye ekseli vinavyobana gololi).
- Chombo cha kufungulia friwili (duara la meno la nyuma linalozungushwa na cheni), chenye meno yanayolingana na friwili yako.
- Grisi, gololi mpya kama za zamani zimechimbika, na oili nyepesi ya mashine. Usitumie mafuta ya kupikia, kwa kuwa yanaganda, yanashika vumbi, na baada ya miezi michache nati hazizunguki.
- Ukanda wa ringi, au ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu.
- Chelewa mbili za ufagio na mpira wa kufungia. Hizo ndizo zitakuwa kipimo chetu, na kwa kazi hii hazina upungufu wowote.

Kuhusu unene, spoku huhesabiwa kwa namba, na kadiri namba inavyopungua ndivyo spoku inavyonenepa: namba 14 ni milimita 2, namba 13 ni milimita 2.3 na namba 12 ni milimita 2.6. Kwa baiskeli ya kubebea maji au korosho, napendelea namba 13 au 12 nyuma, mradi zipite kwenye matundu ya habu (kitovu cha gurudumu) bila kulazimishwa. Usichanganye namba mbili katika gurudumu moja, kwa sababu spoku nene na nyembamba zikikazwa sawa hazivutiki sawa, na gurudumu la namna hiyo halitulii.

Kuhusu urefu, usiende dukani na maneno matupu. Nenda na spoku nzima uliyoitoa kwenye gurudumu lako, na uilinganishe na mpya kuanzia ndani ya kona ya kichwa hadi ncha ya uzi. Tofauti ya milimita 2 inavumilika. Ikifika milimita 5, spoku itatoboa tyubu au nati itashika nyuzi chache tu.

## Hatua ya 1: Kulisoma gurudumu la zamani

Kabla ya kufungua, chukua kalamu na karatasi, au lipige picha gurudumu kutoka pande zote mbili. Fuata spoku moja kutoka kwenye habu hadi kwenye ringi na uhesabu inakatana na spoku ngapi za upande wake. Gurudumu la spoku 40 mara nyingi hukatana mara nne, na la 36 au 32 mara tatu. Mkato wa kwanza uko karibu kabisa na habu, spoku zikiwa karibu kugusana, na huo ndio unaosahaulika. Aliyeusahau husuka kwa mikato mitano huku akiamini ni minne, halafu analaumu spoku kwamba ni fupi.

Angalia pia spoku zilizokatika zilikatikia wapi. Zikikatikia kwenye kona ya kichwa, upande wa friwili, mara nyingi gurudumu lilikuwa limelegea, wala si kwamba lilikazwa kupita kiasi. Spoku iliyolegea hukunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka, mpaka chuma kinachoka. Zikiwa zimelika kwenye nati, hiyo ni kazi ya chumvi ya bahari, jambo ambalo wakazi wa Mikindani, Kilwa na Lindi mjini wanalijua vizuri kuliko wenzao wa Masasi.

Ringi inapimwa ikiwa tupu, na ringi mpya ipimwe dukani kabla ya kulipa. Ilaze kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa na uibonyeze kwa vidole upande mmoja baada ya mwingine. Ikichezacheza kwa zaidi ya milimita 3 au 4, iache. Ringi iliyonyooshwa kwa nyundo inaweza kupendeza machoni, lakini spoku za sehemu iliyopondwa zitalazimika kuvuta kuliko wenzake ili kuishikilia, na huo ndio mwanzo wa lile gurudumu linalorudi kupinda.

## Hatua ya 2: Kufungua, friwili kwanza

Ondoa friwili kabla ya kugusa spoku hata moja. Ringi ikiwa bado imeshikamana na habu, unayo kama usukani wa kushikia. Ukishakata spoku, habu inabaki mkononi kama kikombe cha chai na hakuna mahali pa kuizuia.

Ingiza chombo cha friwili kwenye meno yake, kisha rudisha nati ya ekseli juu yake na uikaze kidogo ili chombo kisiruke. Zungusha kinyume na mishale ya saa. Mara friwili inapoachia kwa mara ya kwanza, legeza ile nati ya ekseli kabla ya kuendelea, la sivyo utaikata. Friwili iliyokaa miaka mingi katika hewa ya bahari inaweza kugoma. Iwekee oili nyepesi usiku kucha, kisha ubane chombo kwenye jiriwa na uzungushe ringi yenyewe kwa mikono miwili.

Sasa legeza nati zote nusu duru, ukizunguka gurudumu zima, kisha zungusha tena na tena mpaka ringi iwe huru. Usikate spoku za upande mmoja kwa koleo zikiwa zimekazwa. Ringi hujikunja ghafla, na vipande vya spoku huruka kuelekea usoni.

## Hatua ya 3: Habu

Fungua koni, toa gololi, osha kwa mafuta ya taa na ufute mpaka pakauke. Koni iliyochimbika kama uso wa mwezi ibadilishwe. Jaza grisi, panga gololi, na ukaze koni mpaka ekseli izunguke bila kukwaruza na bila kucheza ukiitikisa. Kazi hii ifanyike sasa, kwa sababu ekseli inayocheza itakudanganya baadaye: utadhani ringi inayumba, kumbe ni habu.

Safisha pia matundu ya spoku kwenye sahani mbili za habu, yaani zile duara mbili za pembeni ambamo spoku huingizwa. Pitisha spoku mpya katika kila tundu. Lenye kutu lipigwe tupa kwa wepesi bila kulipanua.

## Hatua ya 4: Kusuka

Hapa ndipo pa kwenda polepole. Spoku 40 zinagawanywa katika makundi manne ya spoku kumi kumi (katika gurudumu la spoku 36 ni makundi ya tisa tisa). Tutaweka kundi moja baada ya jingine, na kila kundi lina mwelekeo wake. Weka tone la oili kwenye uzi wa kila spoku kabla ya kuivalisha nati. Nati zote kwa sasa zizungushwe mara tatu au nne tu, kwa vidole.

### Kundi la kwanza: spoku ya ufunguo na wenzake tisa

Kaa chini, weka ringi magotini, tundu la valvu likiwa mbali nawe, sawa na saa kumi na mbili kwenye uso wa saa. Shika habu katikati ya ringi, upande wa friwili ukikutazama.

Chunguza matundu ya ringi. Katika ringi nyingi yamepishana au yameinamishwa, moja kuelekea kulia kwa baiskeli na linalofuata kushoto. Anza na tundu la kwanza lililo upande wa kulia wa valvu. Kama limeelekea upande wa friwili, hilo ndilo letu. Kama limeelekea upande wa pili, chukua linalofuata.

Ingiza spoku kwenye sahani ya upande wa friwili kutoka nje kwenda ndani, kichwa kikibaki nje, kisha ifunge kwenye tundu lile la ringi. Hii ndiyo spoku ya ufunguo. Ifunge uzi mwekundu, kwa kuwa kila kitu kitahesabiwa kutoka kwake.

Ruka tundu moja la sahani, ingiza spoku nyingine kwa namna ileile. Kwenye ringi, ruka matundu matatu na uifunge kwenye la nne. Endelea hivyo mpaka zitimie kumi. Ukimaliza, sahani itakuwa na tundu lenye spoku na tundu tupu kwa kupokezana, na kwenye ringi kila baada ya matundu matatu matupu kutakuwa na spoku moja. Ukikuta mahali pameachwa mawili au manne, rudi nyuma sasa hivi.

### Kundi la pili: upande wa pili, palipo na mtego

Matundu ya sahani mbili za habu hayatazamani. Kila tundu la upande mmoja linatazama chuma kilicho katikati ya matundu mawili ya upande wa pili. Jihakikishie mwenyewe: chukua spoku, ipitishe kandokando ya spoku ya ufunguo, sambamba na ekseli, hadi iguse sahani ya pili. Itagonga katikati ya matundu mawili. Swali ni lipi kati ya hayo mawili litumike, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Kanuni ni hii. Kama spoku ya ufunguo iko kwenye tundu la kwanza kulia kwa valvu, spoku ya kwanza ya kundi la pili inaingia kwenye tundu la ringi linalofuata kulia, na kwenye sahani inatoka kwenye tundu ambalo, ukitazama kutoka upande wa friwili, liko mbele kidogo kufuata mishale ya saa. Kama ufunguo ulilazimika kukaa kwenye tundu la pili, spoku hii inaingia kwenye tundu la kwanza, karibu na valvu, na kwenye sahani inatoka kwenye tundu lililo nyuma kidogo. Kwa namna zote mbili spoku hizi mbili zitakwenda pamoja kama watu wawili wanaotembea njia moja. Zikikatana umechagua tundu lisilo lake, hamisha.

Nimewahi kupuuza ukaguzi huo kwa haraka ya jioni, nikamaliza spoku zote 40, na nilipotaka kujaza upepo nikakuta valvu imebanwa katikati ya spoku zinazokutana juu yake. Pampu haikuingia, nikafungua yote.

Spoku za kundi la pili nazo zinaingizwa kutoka nje kwenda ndani, vichwa vikibaki nje. Ukimaliza kumi, sasa ringi ina jozi za spoku mbili mbili na kati ya jozi na jozi kuna matundu mawili matupu.

### Kuzungusha habu

Tazama gurudumu kutoka upande wa friwili, shikilia ringi, na uzungushe habu kufuata mishale ya saa mpaka spoku zianze kuvutika. Zote zitalala upande mmoja, na zile zilizo karibu na valvu zitainama kuikimbia. Zikiinama kuelekea valvu, habu imezungushwa kinyume.

### Kundi la tatu na la nne: kukatana

Sasa spoku zinaingizwa kutoka ndani kwenda nje, kichwa kikibaki ndani na mwili wa spoku ukilala nje ya sahani. Anza upande wa friwili. Chukua spoku, ielekeze upande ulio kinyume na wenzake wa kundi la kwanza, na uhesabu spoku inazokatana nazo za upande uleule: ipite juu ya ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha uiinamishe ipite chini ya ya nne. Kwa spoku 36 au 32, juu ya mbili na chini ya ya tatu. Hakuna ubaya spoku ikikunjika kidogo wakati wa kupitishwa.

Kupitisha chini ya ile ya mwisho si urembo. Spoku mbili zinazoegemeana hugawana mshtuko gurudumu linapoangukia shimo, na moja ikilegea kwa muda nyingine inaizuia isichezecheze.

Ringi itakupa matundu mawili matupu katika kila nafasi. Chukua lile lililoelekea upande wa friwili. Kundi la nne linafuata njia hiyohiyo upande wa pili na kujaza matundu yaliyobaki.

Ukifanikiwa, utaona mambo matatu kwa pamoja: spoku zote 40 zina nati, spoku mbili zinazoipakana valvu zinaachana badala ya kukutana, na hakuna spoku iliyolazimika kuvutwa kwa koleo ili ifike. Kama spoku zote zinapungukiwa kwa kiasi kilekile, hesabu mikato yako kabla ya kurudi dukani.

## Hatua ya 5: Mwanzo ulio sawa

Zungusha kila nati kwa bisibisi, kutoka upande wa tairi, mpaka uzi wa spoku umezwe wote na usionekane. Nati zote ziishie mahali pamoja. Wasiokuwa na subira huruka hatua hii, na baadaye hutumia saa mbili kuitafuta ile nafasi waliyopewa bure.

Kuanzia hapa utatumia spana ya spoku, na lazima nieleze jambo linalowachanganya hata mafundi wanaoanza. Ukitazama nati kutoka upande wa tairi, unakaza kwa kufuata mishale ya saa, kama skrubu yoyote. Lakini ukiwa na spana unaitazama kutoka upande wa habu, na kutoka huko nati ileile inakazwa kinyume na mishale ya saa. Ukisahau, utalegeza kila unapodhani unakaza, na gurudumu litazidi kuharibika kadiri unavyolihangaikia. Kaza moja, ibonyeze kwa kidole, na uhakikishe kweli imekuwa ngumu kabla ya kuendelea.

Anzia kwenye valvu, kaza kila nati duru moja, zunguka hadi urudi kwenye valvu. Rudia mpaka spoku zianze kuwa na ugumu kidogo, kisha punguza ziwe nusu duru.

## Hatua ya 6: Duara kwanza, kuyumba baadaye

Geuza baiskeli miguu juu, weka gurudumu kwenye foku ya nyuma bila friwili, bila tairi wala cheni. Funga chelewa moja kila upande wa foku kwa mpira, ncha zikikaribia ringi bila kuigusa.

Anza na duara. Sogeza ncha ya chelewa iwe juu ya ukingo wa ringi, zungusha polepole na uone ringi inapanda wapi na kushuka wapi. Palipopanda, yaani palipo mbali na habu, kaza spoku za pande zote mbili robo duru, moja ya kulia na moja ya kushoto. Paliposhuka, legeza vivyo hivyo. Katika baiskeli ya breki za fito jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu raba za breki zinabana uso wa ringi unaotazama habu, si ubavu wake. Ringi iliyo kama yai itakushikia breki kila mzunguko hata kama haiyumbi kabisa.

Ringi za chuma zina kiungo, mara nyingi mkabala na valvu, na hapo mruko wa milimita 1 au 2 hautoki kwa spoku. Usiugombanie.

Sasa kuyumba. Ringi ikienda kulia mahali fulani, kaza spoku za kushoto za mahali hapo robo duru na ulegeze za kulia kwa kiasi hichohicho. Shika sehemu yenye kasoro kubwa kuliko zote, ipunguze nusu tu, kisha uhamie nyingine. Anayekazania sehemu moja mpaka iishe huwa anaisukuma kasoro kwa jirani.

Spoku nyembamba hujisokota pamoja na nati. Ukitaka robo duru, zungusha zaidi kidogo, kisha rudisha nyuma hicho kidogo, ili msokoto ufunguke. Msokoto uliobaki ndani ya spoku utafunguka wenyewe barabarani, na siku hiyo utasema gurudumu limerogwa.

## Hatua ya 7: Kulikalisha katikati

Ringi inatakiwa kuwa katikati ya nati mbili za nje za koni, si katikati ya sahani za habu, kwa kuwa upande wa friwili sahani imesogezwa ndani. Njia ya kupima haihitaji chombo: pima nafasi kati ya ringi na foku upande mmoja, toa gurudumu, ligeuze kulia kuwe kushoto, lirudishe, na upime mahali palepale. Nafasi zikilingana, limekaa. Zikitofautiana kwa milimita 4, kosa halisi ni milimita 2, kwa sababu kugeuza kunalizidisha mara mbili.

Kurekebisha, kaza spoku zote za upande unaotaka ringi isogee, nusu duru kila moja, ukizunguka gurudumu zima. Faida ya kipimo hiki ni kwamba hata foku iliyopinda haikudanganyi, maana unalinganisha na upande uleule.

## Hatua ya 8: Mkazo, na kuitikisa kazi

Spoku za upande wa friwili zitakuwa ngumu kuliko za upande wa pili, kwa sababu zimesimama wima zaidi. Hilo ni sahihi. Lisilo sahihi ni spoku za upande mmoja kutofautiana zenyewe kwa zenyewe.

Zipige kwa ukucha au kwa bisibisi moja baada ya nyingine na usikilize. Upande mmoja wote utoe sauti inayokaribiana. Inayolia nzito imelegea, inayolia nyembamba imebeba mzigo wa wenzake. Hapa ndipo jibu la malalamiko ya mwanzo lilipo: gurudumu linaweza kunyooka kabisa machoni huku spoku tano zikivuta kama kamba ya nanga na jirani zake zimelala. Mzigo wa kwanza wa kilo 80, ambao ndio uzito wa yale madumu manne ya lita 20, utazivuta zile tano, na mnyooko wote utaondoka. Afadhali ringi inayoyumba milimita 1 kwa spoku zenye sauti moja kuliko iliyonyooka kama rula kwa sauti arobaini.

Vaa kitambaa mkononi, shika spoku mbili za upande mmoja zinazokwenda pamoja na uzibane kwa nguvu, jozi kwa jozi, pande zote. Kisha laza gurudumu kwenye kigogo, habu ikikalia katikati, na ubonyeze ringi kwa mikono miwili kwa uzito wa kiasi, geuza, rudia. Utasikia milio midogo ya tik, tik. Hiyo ni misokoto inayofunguka na vichwa vinavyokaa mahali pake. Rudi kwenye chelewa, nyoosha tena kwa robo robo, bana tena. Mara tatu au nne zinatosha. Unapobonyeza bila kusikia mlio wowote na ringi ikabaki ilivyo, gurudumu limeiva.

## Hatua ya 9: Tairi na kufunga kwenye baiskeli

Pitisha kidole ndani ya ringi. Ncha yoyote ya spoku iliyochomoza juu ya kichwa cha nati ipigwe tupa, kisha vaa ukanda wa ringi. Hakikisha tairi ni ya inchi 28 kwa 1 na nusu, iliyoandikwa pia 40-635. Kuna tairi nyingine zinazoitwa inchi 28 lakini zina namba 622; hizo ni ndogo kwa ringi hii, na kuzilazimisha ni kupoteza siku.

Paka grisi kwenye uzi wa friwili kabla ya kuirudisha, uianze kwa mkono ili uzi usipandane. Weka gurudumu, vuta nyuma mpaka cheni iwe na mlegeo wa sentimita 1 hivi katikati, kaza nati za ekseli kwa zamu, kisha rekebisha fito za breki ili raba zikae milimita 3 hivi kutoka kwenye ringi.

## Hatua ya 10: Siku za mwanzo na dharura ya njiani

Safari ya kwanza iwe bila mzigo. Aliye Mtwara mjini anaweza kwenda Mikindani na kurudi, ambayo ni lami ya kutosha. Ukirudi, piga spoku zote kwa ukucha na ukaze robo duru zile zilizoshuka sauti. Wiki ya kwanza ibebe nusu ya mzigo wa kawaida, kisha ukague tena. Baada ya hapo, kwa anayepita mchanga wa Newala au anayeishi karibu na bahari, kagua kila mwezi, na ukishapitisha baiskeli kwenye maji ya chumvi ioshe kwa maji baridi siku hiyohiyo na utie tone la oili kwenye kila nati.

Spoku ikikatika njiani ukiwa na mzigo, usiikate na kuiacha itambae kwenye cheni. Izungushe kwenye jirani yake, kisha legeza nusu duru spoku mbili za upande wa pili zilizo karibu nayo, ili ringi isivutwe huko na kugusa breki. Shusha mzigo ulio juu ya keria, sukuma baiskeli badala ya kuipanda unapopita kwenye mashimo, na uibadilishe jioni hiyohiyo kwa moja ya zile nne za akiba.